Kabla ya Kutia Uzi Kwenye Mashine ya Kufuma Masweta

Mashine ya mezani ya kufuma masweta, ikinunuliwa ikiwa imeshatumika, isitiwe uzi siku hiyohiyo inapofika nyumbani. Kwanza chomoa ule utepe mrefu wa chuma unaokandamiza sindano, ukague sponji iliyo ndani yake: ikiwa imelala bapa au inamomonyoka vidoleni, sindano hulegea, vitanzi hudondoka, na anayejifunza hudhani kosa ni la mkono wake. Sponji mpya hukatwa kwa kipimo cha ile ya zamani na kubandikwa kwa gundi, kazi ambayo, kwa maoni yangu, haihitaji kumlipa fundi.

Hewa ya chumvi ya Mikindani au Lindi mjini huleta kutu upesi, kwa hiyo gusa kwa kidole ulimi wa kila sindano, yaani kile kipande kidogo kinachofungua na kufunga ndoano yake, na ile ambayo ulimi wake haufunguki na kufunga kwa wepesi ibadilishe. Mashine ya kawaida ina sindano 200, lakini 30 za katikati zinatosha kujifunzia. Paka mafuta mepesi ya cherehani, si ya kupikia, ambayo hugeuka ulimbo wa kunasa vumbi.

Chagua uzi laini usio na manyoya, ukining'inizie kitambaa kinachofumwa vyuma vya uzito, kisha upitishe kigari, kile kifaa kinachoteleza juu ya sindano na kuzifumisha, hadi kivuke sindano ya mwisho ndipo ukirudishe. Kikigoma, usikisukume, tafuta uzi uliokwama. Masweta ya watoto ndiyo ya kuanzia, hasa kwa atakayeuza Newala, ambako asubuhi za Juni na Julai zina baridi.