Mbegu ya muhogo ichague shina likiwa na majani

Jamaa mnaojiandaa kupanda muhogo, Unguja na Pemba, nawaomba msiokote miti iliyokwisha kukatwa na kurundikwa kando ya konde. Hapo ugonjwa huuoni tena. Pita kondeni mashina yangali yamesimama. Ugonjwa wa batobato hujionesha juu: majani machanga hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Ugonjwa wa pili, michirizi kahawia, utafute kwenye majani ya chini, umanjano ukifuata mishipa ya jani. Shina la namna hiyo liache.

Hata likionekana zima, chimbua mzizi mmoja uukate vipande. Kuna muhogo unaopendeza juu, kumbe ndani una mabaka makavu ya kahawia, haufai kutia nazi wala kukaanga. Inauma sana kuligundua hilo siku ya kuvuna.

Ulizia aina zilizotoka kwa watafiti wa kilimo wa kituo cha Kizimbani, Unguja: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Zinavumilia maradhi yote mawili. Ila kuvumilia si kutoshikwa kabisa. Nzi weupe huleta virusi, navyo husafiri ndani ya mbegu hadi konde jipya. Kwa hiyo hata aina hizo zikague vilevile.