Somo: Jinsi ya kumwombea mzazi Extra Help ili dawa zishuke bei (Marekani)

Habari zenu ndugu. Somo hili ni la wenye wazee Marekani wanaotumia Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Wapo wazee wanaokata kidonge cha presha nusu ili chupa ifike mwisho wa mwezi, na hawajui kwamba Extra Help ni haki yao. Huo ni msaada wa serikali kwa gharama za bima ya dawa, yaani Part D. Mwaka 2025 aliyekuwa nao alilipa famasi si zaidi ya dola 4.90 kwa dawa ya jenerika na 12.15 kwa dawa ya jina la kampuni.

Hatua ya 1. Pekua barua za mzee. Kama anapata SSI (posho ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo) au Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), au jimbo linamlipia ada ya Part B (sehemu ya Medicare ya kuonana na daktari), Extra Help huja yenyewe, na Medicare humtumia barua ya karatasi ya zambarau. Nyingi hutupwa pamoja na matangazo. Itunzeni.

Hatua ya 2. Piga hesabu ya kipato. Kikomo cha 2025 kilikuwa dola 23,475 kwa mwaka kwa mtu mmoja, 31,725 kwa mke na mume; hupanda kila mwaka. Stempu za chakula hazihesabiwi, wala chakula na kodi ya nyumba unavyomlipia wewe mwanawe. Na kama mzee analea wajukuu nyumbani kwake, wataje, maana ndugu anaowategemeza kwa nusu au zaidi ya mahitaji yao huongeza kikomo.

Hatua ya 3. Akiba. Mwaka 2025 kikomo chake kilikuwa dola 17,600 kwa mmoja na 35,130 kwa wanandoa, fungu la mazishi likiwa ndani yake. Nyumba anayoishi, gari na bima ya maisha havihesabiwi.

Hatua ya 4. Peleka ombi Social Security, ofisi ya serikali ya pensheni, kwa fomu SSA-1020, kwenye ssa.gov au kwa simu 1-800-772-1213. Ukipiga simu, omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Tafadhali msimkalishe mtoto wa shule atafsiri mambo ya fedha za babu yake. Fomu nayo ni bure, kwa hiyo anayedai malipo ya "kuharakisha" ni tapeli. Ndani yake kuna swali la kupeleka taarifa jimboni ili mzee aangaliwe pia kwa msaada wa ada ya Part B. Msikatae hapo.

Hatua ya 5. Barua ya kukubaliwa ikifika, toeni kopi, nendeni nayo famasi. Mara nyingi kompyuta ya dirishani bado inaonyesha bei ya zamani. Mwonyesheni mfamasia barua, kisha pigieni kampuni ya bima. Tunzeni risiti, kwani kilicholipwa zaidi tangu tarehe ya kuanza msaada kinarudishwa.

MASWALI

Swali: Shukrani kaka. Mama ana kiwanja Uvira, Kongo. Tukiandike?
Jibu: Kiandikeni. Fomu inauliza mali isiyohamishika nje ya nyumba anayoishi, na mama anaweka sahihi kwamba amesema kweli. Wekeni thamani yake halisi ya leo.

Swali: Baba alikataliwa, wanasema kipato kimezidi.
Jibu: Mna siku 60 za kukata rufaa. Someni walichohesabu, hasa kama wajukuu walisahauliwa. Kila jimbo lina ofisi ya SHIP yenye washauri wa Medicare wasiolipisha.

Swali: Bibi hakujiunga na Part D alipotimiza 65. Faini ya kuchelewa je?
Jibu: Akiwa na Extra Help hatozwi faini hiyo.

Swali: Mzee wangu ni mkimbizi, hana grin kadi (kibali cha ukaaji wa kudumu).
Jibu: Hili lina haraka, ndugu yangu. Sheria ya Julai 2025 imewaondoa wakimbizi wasio na grin kadi kwenye Medicare, na walio ndani tayari wamepewa muda mfupi tu. Mkimbizi huruhusiwa kuomba grin kadi baada ya mwaka mmoja nchini. Mpelekeni kwa shirika lililompokea au kwa wakili wa uhamiaji wiki hii.