Kuongeza na kubadili moduli za Biblia bila kupoteza aya

Moduli (faili ya Biblia, fafanuzi au kamusi inayoongezwa kwenye programu ya Biblia) ikigoma kufunguka, shida yake ni ndogo, maana unaiona papo hapo. Ya kuogopa ni ile inayofunguka vizuri, ina jina zuri na maandishi safi, kumbe kuanzia mwisho wa Mathayo 17 kila aya imesogea nafasi moja. Mtu atafungua Mathayo 18:3 mbele ya kusanyiko asome ya 4, na hakuna atakayemwambia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kuhesabu. Kunakili faili ni kazi ya dakika mbili.

Tukisema "aya" tunamaanisha aya ya Biblia. Tukisema "mstari" tunamaanisha mstari wa faili ya maandishi.

Itambue faili kwanza

Kama unatumia Windows, washa kisanduku cha File name extensions kwenye menyu ya View ya File Explorer. Bila hivyo hutaona kwamba faili yako inaitwa neno.bbl.mybible.txt, na utashangaa kwa nini programu haiioni. Simu nazo huongeza mkia wa .bin au .zip kwenye faili zilizopakuliwa kwa kivinjari. Ufute mkia huo, ila hakikisha kwanza kwamba si zipu ya kweli.

MySword ya Android hutumia .bbl.mybible kwa Biblia, .cmt.mybible kwa fafanuzi, .dct.mybible kwa kamusi na .bok.mybible kwa vitabu. Programu nyingine ya simu, iitwayo MyBible, haitumii kiendelezi hicho hata kidogo: faili zake huishia na .SQLite3. Jina hili limewapotosha wengi. Faili yenye mkia wa .mybible ni ya MySword, wala kubadili jina hakuigeuzi kuwa ya MyBible, kwa kuwa majedwali ya ndani ni tofauti.

e-Sword ya Windows ilianza kutumia .bblx, .cmtx na .dctx toleo la 9 lilipohamia SQLite (hifadhidata ya faili moja); zile za .bbl, .cmt na .dct bila x ni za kizazi cha nyuma na matoleo mapya hayazisomi. Zinazoishia na i, kama .bbli, zimeandikwa kwa HTML, wakati zile za x zimeandikwa kwa RTF. Programu ya theWord hutumia .ont kwa Biblia nzima, .ot kwa Agano la Kale, .nt kwa Agano Jipya, na .twm kwa fafanuzi na kamusi. Moduli za SWORD, mfumo unaotumiwa na programu kama AndBible, huja kama zipu yenye folda mbili ndani, mods.d na modules.

Ukikutana na .ontx, au moduli yoyote ya kulipia iliyofungwa kwa usimbaji, iache. Imefungwa kwa makusudi na mwenye haki.

Kuongeza moduli iliyo tayari

Funga programu kabisa, nakili faili kwenye folda yake, kisha ifungue upya. Orodha ya moduli husomwa programu inapoanza, kwa hiyo faili iliyowekwa wakati programu iko wazi haitaonekana.

Kwa MySword, itafute folda iitwayo mysword kwenye simu. Ndani yake Biblia huenda bibles, fafanuzi commentaries, kamusi dictionaries, vitabu books. Faili ikija kwa zipu au .gz, ifungue kwanza uweke kilichomo ndani. Kwenye simu za Android 11 kwenda juu folda hiyo inaweza kuwa ndani ya Android/data, mahali ambapo programu nyingi za kusimamia faili haziruhusiwi kuingia. Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, chagua kuhamisha faili, na folda itafunguka kutokea upande wa kompyuta.

AndBible, programu nyingine ya Biblia ya Android, ni kinyume: zipu ya SWORD usiifungue. Ipe programu ikiwa nzima kupitia menyu yake ya kuongeza nyaraka, nayo itapanga yenyewe. Ukiifungua na kuizipu tena, angalia mods.d na modules zisije zikaangukia ndani ya folda ya tatu. Hilo peke yake linatosha kuifanya ikataliwe. AndBible husoma pia moduli za MySword na MyBible, na kwa watu wengi hapo ndipo hitaji la kubadili faili linapoisha.

Kubadili kutoka MyBible kwenda MySword

Utahitaji DB Browser for SQLite, programu ya bure ya kuhariri hifadhidata. Badala ya kujenga moduli kutoka sifuri, chukua moduli ya MySword ya bure inayofanya kazi, inakili, ipe jina jipya, na uitumie kama ganda. Kwa njia hii majedwali yote yanakuwa sahihi tangu mwanzo. Ifungue kwenye DB Browser, nenda kwenye kichupo cha Execute SQL, uondoe maandishi ya zamani:

DELETE FROM Bible;

Sasa iunganishe faili ya MyBible kwa Attach Database na uipe jina c. Kazi iko kwenye namba za vitabu. MySword huhesabu 1 hadi 66. MyBible huruka kwa kumi na kuacha nafasi za vitabu vya deuterokanoni (vile vya ziada vilivyomo kwenye Biblia za Kikatoliki): Mwanzo ni 10, Zaburi 230, Mathayo 470, Ufunuo 730. Kugawa kwa kumi peke yake kunafanya kazi hadi Nehemia tu. Baada ya hapo Tobiti na Yudithi wamekaa katikati, na Esta, ambaye ni kitabu cha 17, ana namba 190. Amri hii hurekebisha kila kipande:

INSERT INTO Bible (Book, Chapter, Verse, Scripture)
SELECT CASE
WHEN book_number <= 160 THEN book_number/10
WHEN book_number = 190 THEN 17
WHEN book_number BETWEEN 220 AND 260 THEN book_number/10 - 4
WHEN book_number BETWEEN 290 AND 310 THEN book_number/10 - 6
ELSE book_number/10 - 7 END,
chapter, verse, text
FROM c.verses
WHERE book_number % 10 = 0 AND book_number <= 730
AND book_number NOT IN (170, 180, 270, 280, 320);

Njia hii huhamisha vitabu 66. Kama Biblia yako ina vitabu vya deuterokanoni, vitabaki nyuma. Itunze faili ya asili.

Kisha lebo, yaani alama zilizo ndani ya maandishi. Maneno ya Yesu kwenye MyBible yamezungushiwa <J> na </J>. MySword na theWord hutaka <FR> na <Fr>:

UPDATE Bible SET Scripture = replace(replace(Scripture, '<J>', '<FR>'), '</J>', '<Fr>');

Namba za Strong, zinazounganisha neno na kamusi ya Kiebrania au Kigiriki, huandikwa <S>25</S> kwenye MyBible, bila kutaja Kiebrania au Kigiriki. MySword huhitaji herufi: <WH25> kwa Agano la Kale, <WG25> kwa Agano Jipya. Fanya replace mbili, moja yenye WHERE Book < 40 na nyingine WHERE Book >= 40. Ukizichanganya, msomaji atabofya neno la Kigiriki na kuletewa maana ya Kiebrania.

Mwisho jaza jedwali la Details: Description, Abbreviation, Version na Comments. Kifupi kisifanane na cha moduli nyingine iliyomo kwenye simu. Bonyeza Write Changes, funga DB Browser, ndipo unakili. Anayenakili kabla ya hapo hupeleka ganda tupu na kudhani amri zilishindwa.

Kutoka maandishi ya kawaida

Kama una aya kwenye lahajedwali, zihifadhi kama maandishi ya UTF-8 yanayotenganishwa kwa tabo, wala usitumie mkato, kwa sababu aya zimejaa mikato. Wakati wa kuingiza, weka alama ya nukuu kuwa tupu. Aya ikianza na alama ya kufungua nukuu na kufungwa aya tano mbele, programu huzimeza zote tano kama rekodi moja. Tengeneza jedwali kabla ya kuingiza, safu za namba zikiwa INT. Zikiwa TEXT, aya hupangwa 1, 10, 11, 12, 2. Pia lahajedwali hudhani kwamba aya inayoanza na kistari ni hesabu, kwa hiyo safu ya maandishi ifanye kuwa Text kabla ya kubandika chochote.

Faili za .bblx zina kikwazo kingine: ndani ni RTF. Ukihamisha safu ya Scripture kama ilivyo, utaona \par na \i katikati ya aya, na \'92 mahali pa kibainishi.

ng'ombe

Hapa Kiswahili kina mtego wake. Kibainishi cha ng' huandikwa kwa alama mbili tofauti: ile iliyonyooka ya kibodi (') na ile iliyopinda ya Word (’). Macho hayaoni tofauti, lakini utafutaji unaiona. Matini ikiwa na iliyopinda na msomaji akaandika ng'ombe kwa kibodi ya kawaida, programu inaweza kumjibu kwamba neno halimo. Tumia alama moja katika moduli nzima:

UPDATE Bible SET Scripture = replace(Scripture, '’', '''');

Zile nne mwishoni si kosa. Ndani ya SQL kibainishi hurudiwa mara mbili, na ndiyo sababu amri ya INSERT iliyoandikwa kwa mkono hukatika kila inapofika kwenye ng'ombe au ng'ambo.

Kuhesabu

Kwa mpangilio wa King James, ambao theWord na e-Sword hujengwa juu yake, Biblia ina sura 1,189 na aya 31,102: Agano la Kale 23,145, Agano Jipya 7,957. Moduli za SQLite hubeba anwani ya kila aya, kwa hiyo aya ikikosekana nyingine hazisogei. Faili ya .ont haina anwani. Mstari wa kwanza ni Mwanzo 1:1, wa 31,102 ni Ufunuo 22:21, na programu huhesabu tu.

Tafsiri nyingi za sasa hazina Mathayo 17:21, 18:11 na 23:14, Marko 9:44 na 9:46, Yohana 5:4, Matendo 8:37 na nyinginezo. Kwenye .ont kila moja lazima iachiwe mstari mtupu. Upande wa pili, tafsiri nyingine zina aya za ziada: 3 Yohana aya ya 15, Ufunuo 12:18. Na zile zinazofuata hesabu ya Kiebrania huhesabu kichwa cha zaburi kama aya, hivyo Zaburi 51 huwa na aya 21 badala ya 19.

Ili kutoa .ont kutoka MySword, unganisha moduli ya King James yenye rekodi 31,102 kwa jina k. Anza kwa kutafuta za ziada:

SELECT Book, Chapter, Verse FROM main.Bible
EXCEPT SELECT Book, Chapter, Verse FROM k.Bible;

Kila inayotokea, iunganishe na aya iliyotangulia. Ukiruka hatua hii, amri inayofuata itazitupa kimya kimya:

SELECT replace(replace(ifnull(b.Scripture, ''), char(13), ''), char(10), ' ')
FROM k.Bible a LEFT JOIN main.Bible b
ON a.Book=b.Book AND a.Chapter=b.Chapter AND a.Verse=b.Verse
ORDER BY a.Book, a.Chapter, a.Verse;

Hamisha matokeo kama maandishi ya UTF-8, bila kichwa cha safu na bila alama za nukuu. Yafungue kwenye Notepad++ na ukague mistari michache kwa Ctrl+G: 1,534 ni Kutoka 1:1, 13,941 ni Zaburi 1:1, 23,146 ni Mathayo 1:1, 26,137 ni Yohana 3:16. Zaburi ikiwa sawa na Mathayo si sawa, kosa liko kati ya hapo. Gawa nusu kwa nusu hadi ulipate. Baada ya mstari wa 31,102 ongeza description=, short.title= na lang=, kila moja kwenye mstari wake.

Haki za matini

Biblia ya Union ya 1952 na Habari Njema zina wenyewe, yaani Vyama vya Biblia. Kujitengenezea moduli hakukupi ruhusa ya kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Neno, tafsiri ya shirika la Biblica, ina toleo wazi chini ya leseni ya CC BY-SA 4.0: unaruhusiwa kuibadili umbo na kuigawa, mradi umtaje mwenyewe, useme ulichobadilisha, na uitoe kwa leseni hiyo hiyo. Mahali pa kuandika hayo ni safu ya Comments, pamoja na tarehe ya matini uliyoanzia, ili atakayekuta aya yenye kosa ajue ilinganishwe na nini.