Jinsi ya kumchambua Gatsby bila kukimbilia majibu

Watu wengi wakiambiwa wamchambue Jay Gatsby wa The Great Gatsby wanaandika ni tajiri, ni mwongo, ana mapenzi ya kweli, basi insha imeisha. Hapo hujachambua bado, umetaja sifa tu. Mwandishi, Fitzgerald, alimficha huyu jamaa makusudi kabisa kwenye ile riwaya ya 1925, kwa hiyo cha kwanza angalia kafichwaje na habari zake unapewa na nani.

Chukua daftari ugawe ukurasa mara tatu: anayosemwa, anayosema mwenyewe, na anayoyafanya Nick, jirani yake anayetusimulia hadithi, akiwa anamuona. Kila habari iandikie sura uliyoikuta, hii usiiruke kabisa. Upande wa umbea utajaa haraka, mara kaua mtu, mara alikuwa jasusi wa Wajerumani, mara ana undugu na Kaiser, mfalme wa Ujerumani, na wengi wa wanaosema hayo wako kwake wanakunywa pombe yake, tena kipindi ambacho pombe imepigwa marufuku Marekani nzima. Mpaka sura ya 3 ndo Nick anaongea naye, na anaongea naye hajui kama ndo mwenye nyumba mwenyewe.

Sasa njoo sura ya 4, wako kwenye gari wanaenda New York. Gatsby anadai kwao ni matajiri wa Middle West, yaani majimbo ya katikati ya Marekani, Nick anauliza sehemu gani, anajibu San Francisco, mji ulioko pwani ya magharibi huko! Nick anajikaza asicheke. Halafu jamaa anatoa mfukoni medali ya vita ya nchi ya Montenegro na picha aliyopiga Oxford, chuo kikuu cha Uingereza, na vinaonekana vya kweli. Hapa ndo wengi wanakwama, ni mwongo au sio? Usichague upande mapema. Oxford alikaa kweli, ila miezi mitano tu mwaka 1919, nafasi walizopewa baadhi ya maofisa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na hilo utalijua sura ya 7 akiwa kabanwa na Tom, mume wa Daisy, mwanamke ambaye Gatsby anampenda. Kwa hiyo hoja yako inaweza kuwa kwamba Gatsby anachukua kipande cha ukweli anakirefusha, na ushahidi wa kuitetea unao.

Jina la kuzaliwa, James Gatz, na kwamba alilibadilisha akiwa na miaka 17, unalipata sura ya 6. Nick anakiri kabisa kwamba haya aliambiwa baadaye sana, kayaweka hapo ili kuzima uvumi. Ukiona msimulizi anahamisha habari hivyo jiulize kwa nini, manake ingekaa mwanzo ungemsoma Gatsby tofauti kabisa.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni vitabu. Sura ya 3 kuna mlevi mwenye miwani mikubwa yuko maktaba ya Gatsby, anashangaa kwamba vitabu ni vya kweli, sio maboksi ya kupambia, ila kurasa hazijakatwa. Enzi zile vitabu vingi vilikuja na kurasa zimeshikana, ukitaka kusoma unazichana kwa kisu, maana yake Gatsby kavinunua na hajavisoma. Halafu ruka mpaka sura ya 9, baba yake analeta kitabu chakavu cha utotoni chenye ratiba ya 1906, kuamka saa 12 asubuhi, mazoezi, kusoma habari za umeme, na ahadi ya kusoma kitabu au jarida moja la maana kila wiki. Weka hizo mbili pamoja. Yule mtoto aliyejiapiza kusoma ndo huyu mwenye rafu zimejaa vitabu visivyofunguliwa, na hapo una aya nzima ya insha bila kuhitaji kumsema ni mwema au mbaya.

Mwisho mchunguze Nick mwenyewe. Anasema hana haraka ya kuhukumu watu, anasema hakumkubali Gatsby toka mwanzo mpaka mwisho, na bado anamwambia usoni ana thamani kuliko wale matajiri wote, akina Tom na Daisy. Tena kuna mambo hakuyaona. Sura ya 5 Gatsby na Daisy wanakutana nyumbani kwa Nick baada ya karibu miaka mitano, na Nick anatoka nje anasimama chini ya mti kwenye mvua kama nusu saa. Waliongea nini humo ndani hatuambiwi, na usije ukawatungia maneno. Andika kwamba nusu saa hiyo haipo, halafu chambua alichokikuta aliporudi, Daisy uso umejaa machozi na Gatsby anang'aa kwa furaha.