Kuwalisha bakteria chini ya kifusi: jaribio la kusafisha maji ya shimo la mgodi

Mashimo ya machimbo yaliyoachwa hushika maji hata huku kwetu Dodoma, mvua ikiisha Aprili. Jiwe lenye salfaidi (salfa iliyoshikana na metali) likikutana na hewa na maji, asidi na salfeti vinatengenezwa, shaba na zinki vinayeyuka, na ng'ombe wanakuja kunywa. Njia ninayoieleza ni hii: shimo linajazwa magwangala (mawe yasiyo na faida yanayotupwa na mgodi), kisha tunawalisha bakteria wanaoishi chini kusikofika hewa. Wanageuza salfeti kuwa salfaidi, nayo inashika metali na kuziacha chini kama tope jeusi.

Hatua ya 1: Uliza habari za zebaki. Kabla hujanunua hata pipa. Kama wachenjuaji waliwahi kukamatisha dhahabu kwa zebaki karibu na shimo, acha. Bakteria hawa hawa wanaweza kuigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo hujilimbikiza kwenye samaki na kumdhuru anayewala. Waulize wachimbaji wa zamani. Ndio wanaojua karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, lilisimama wapi.

Hatua ya 2: Pima maji. pH (kipimo cha asidi; ikiwa chini, asidi ni nyingi), salfeti, naitreti, chuma, shaba, zinki, aseniki, manganizi. Usiruke naitreti: inabaki kutokana na baruti, na bakteria huimaliza kwanza ndipo waguse salfeti. Wakati huohuo omba kibali cha maandishi NEMC, baraza la taifa la mazingira, na bodi ya maji ya bonde lako. Bahi ni Bonde la Kati. Upande wa Kongwa na Mpwapwa ni Wami/Ruvu.

Hatua ya 3: Anza na mapipa. Maji yakimwagika hayazoleki, na molasi iliyokwisha kuingia ardhini ndivyo ilivyo. Chukua mapipa matatu ya plastiki ya lita 200, yajaze magwangala ya shimo hilohilo, kisha maji yake. La kwanza usilitie kitu. La pili tia molasi. La tatu mashudu ya alizeti na samadi. Haya mawili yape mbegu: tope jeusi linalonuka yai viza, kutoka chini ya majaruba ya mpunga. Kama pH iko chini ya 5, tangulia kuweka mawe ya chokaa katika yote matatu.

Kipimo cha chakula ndicho kilichonishinda mara ya kwanza. Nilimimina molasi kwa macho, maji yakatoka machafu kuliko yalivyoingia. Hesabu ni hii: gramu 1 ya salfeti inahitaji chakula chenye mahitaji ya oksijeni (COD, yaani oksijeni ya kukiunguza chote kikemikali) ya gramu 0.67. Peleka molasi yako maabara ipimwe COD, kisha ongeza kidogo tu juu ya hesabu.

Weka mapipa nje, penye upepo. Gesi ya salfaidi ni nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni, na ikizidi pua huacha kuinusa. Mtu asishuke kwenye duara (shimo la wachimbaji) kufuata sampuli. Tumia kamba na chupa.

Hatua ya 4: Pima kila wiki. Salfeti ishuke, shaba na zinki zishuke nayo. Manganizi mara nyingi haiondoki kwa njia hii. Aseniki ichunge sana, kwa sababu kutu ya chuma ikiyeyuka huiachia. Ikiendelea kupanda, usiende hatua ya 5.

Hatua ya 5: Ingia ardhini. Chagua kona moja ya shimo lililojazwa, chimba visima viwili vyembamba, kimoja cha kulishia na kingine cha kupimia. Kabla ya chakula, mimina maji ya chumvi na upime upitishaji umeme kwenye kisima cha pili, ujue maji yanachukua siku ngapi kufika. Yakifika upesi mno kuliko muda uliofanya kazi kwenye pipa, yamepata mwanya, hamisha kisima. Lisha kidogokidogo kila siku, la sivyo utando wa bakteria utaziba mdomo wa kisima.

Anza Mei, na usifunge jaribio kabla ya mvua za Desemba. Maji mapya huingia na hewa yake, na hapo ndipo utaona kama zile metali zimetulia au zinarudi.