Sumaku mu tiyo ya shaba: namna ya kuonyesha mikondo ya Foucault mu klasi

Bandugu walimu wa fizike, huku Lubumbashi tunaishi juu ya mukuba, hata jimbo letu liliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997, lakini batoto wengi banamaliza sekondari bila kuona shaba inafanya nini mbele ya sumaku. Inaniuma, kwa sababu hii kazi haiombi labo.

Pitia kwa fundi wa klimatizeri umuombe kipande ya tiyo ya shaba, sentimita 50 hivi, ile ya milimita 15, siyo nyembamba za frigo. Sumaku iwe ya neodimu, zile ndogo za nguvu sana, ya mviringo, milimita 10 mpaka 12, unabandika 4 au 5 pamoja mpaka urefu upite upana, la sivyo itapinduka mule ndani. Ile nyeusi ya spika ya redio ya zamani usipoteze nayo wakati. Tiyo ikiwa na ukuta mnene na sumaku ikikaribia kuujaza, njo inakawia zaidi.

Usiangushe mara moja! Mwaka wa kwanza niliangusha tu, batoto bakashangilia na bakatoka wakisema ni dawa. Sasa minaanza kugusisha sumaku ku tiyo, kila mtu aone haishiki kabisa. Kisha naangusha buloni ya ukubwa ule ule, inapita kwa theluthi ya sekunde. Hapo nauliza: na sumaku je? Karibu wote banasema sawasawa, maana shaba haivutwi, na bakishasema kwa mdomo wao njo naangusha. Inachukua sekunde 2, 3, na mtoto mwenye kuchungulia toka juu anaiona inashuka polepole katikati, haigusi ukuta, kama jiwe linazama mu uji mzito.

Kuwaeleza: sumaku ikisogea inaamsha umeme unaozunguka ndani ya shaba yenyewe, njo mikondo ya Foucault, na ule umeme unafanya sumaku yake, ya chini inasukuma juu, ya juu inavuta nyuma. Lenz, mwanafizike, alishasema 1834 kwamba umeme wa namna hii unapinga kile kilichouzaa, na Foucault, mwenye jina lake mikondo inabeba, alionyesha 1855 kwamba inapasha metali moto. Kuna mtoto atauliza mbona haisimami kabisa. Mpongeze! Ikisimama, umeme unakufa, basi inaanguka tena.

Kama hupati za mviringo, fungua hard disk mbovu, zile sumaku za umbo la ndizi tundika moja ku kamba na uibembeze juu ya sufuria nene ya aluminiumu uliyoipindua, karibu sana bila kugusa. Juu ya meza ya mbao inabembea muda mrefu, juu ya sufuria inachoka haraka. Mita za umeme za zamani, zile zenye sahani ya kuzunguka, zilikuwa na sumaku inayoifunga breki hivi hivi.

Angalia vidole, sumaku mbili zikirukiana zinabana mpaka damu na zinavunjika vipande. Hesabu zote mbele ya kufunga klasi: mtoto akimeza mbili zinashikana kupitia matumbo na hiyo ni ya kukimbizwa hospitali. Mwenye kifaa cha moyo akae mbali.

Ya mwisho ninayoipenda kuliko zote: tundika tiyo ku mizani ya kamba, uangushe sumaku, na mutoto asome namba. Wakati inashuka mwendo uleule bila kugusa kitu, mizani inaonyesha uzito wa tiyo pamoja na wa sumaku.