Mtu kajifanya wewe mtandaoni? Usiblock kwanza

Juzi mama mdogo wangu wa Wete kanipigia analia, kumbe katuma laki na nusu kwa mtu kaweka picha yangu ya harusini akamwandikia "shikamoo anti, simu yangu imeingia maji nitumie kwa namba hii". Mimi tangu nizaliwe sijamwita anti, ni Mama Mdogo, na jina lililotokea wakati anatuma lilikuwa la mwanamme hata hatumjui, lakini Mama Mdogo ana huruma, kasikia mwanawe kakwama akabonyeza tu.

Basi yakikukuta, usiblock na usifute. Wengi tunakosea hapo, unafuta kwa hasira na ushahidi ndo umekwenda. Piga skrinshoti ya profaili, namba, meseji zote na saa ionekane, linki ya akaunti ikopi maana jina wanabadilisha dakika yoyote, na meseji ya muamala usiiguse kabisa.

Kama pesa imeshatoka piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu, muda huo huo, sio kesho, waombe waizuie kabla hajaitoa kwa wakala. Meseji ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, halafu bonyeza *106# uangalie kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kisha polisi, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya ripoti yako pale kituoni.

Ukiambiwa mambo ya mtandao hayana kesi usikubali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika mpaka huku Zanzibar, kifungu cha 15 kinasema kujifanya mtu mwengine ni kosa, faini isiyopungua milioni 5 au mara 3 ya alichokipata, ipi kubwa, au jela isiyopungua miaka 7, au vyote. Marekani kanuni ya FTC, tume yao ya biashara, ya kukataza kujifanya serikali au kampuni imeanza Aprili 2024, na Februari mwaka huo ndo walipendekeza iongezwe imlinde na mtu wa kawaida. Sisi huyo mtu wa kawaida yumo tangu 2015. Ninachotaka mimi kiongezwe kwetu ni pesa ishikiliwe pale pale mtu akiripoti, karatasi zifuate baadae, kwa sababu sisi tulipopiga ilikuwa imeshatolewa.

Mama Mdogo sasa akiombwa pesa anapiga simu kwanza, anakuuliza bibi alikuwa anakuitaje ulipokuwa mdogo.